Tuiteni kabla damu haijachukuliwa: uzi wa kazi ya bioinfomatiki, nikiwa Malindi

MwanaBarani (mwanzisha uzi):

Asalaam aleikum na habari za jioni, wana jukwaa.

Ijumaa baada ya Isha kijana mmoja wa mtaani alinisimamisha nje ya msikiti. Amemaliza kidato cha nne, anapenda kompyuta, anapenda baiolojia, na mtu fulani amemwambia lazima achague moja aache nyingine. Tukakaa barazani mpaka chai ikatupolea mikononi. Nilipofika nyumbani nikaona yale niliyomwambia niyaweke hapa, maana najua hayuko peke yake, na pia kuna jambo linalonikera, la kuitwa tukiwa tumechelewa, ambalo nataka wauguzi, wasimamizi wa miradi na watafiti walisikie.

Mimi ni mtu wa usaidizi wa bioinfomatiki katika maabara ya utafiti wa jeni. Huu ni mwaka wangu wa sita. Maabara iko mwendo wa matatu kutoka hapa Malindi, jina lake silitaji, wala sitamtaja mtu. Siku mbili kwa wiki naenda, zilizobaki nafanya kazi nyumbani Barani kupitia seva.

Kazi yenyewe ni hivi. Wenzetu wa maabara wanatoa DNA kwenye damu, kwenye mate, hata kwenye mbu, wanaitia kwenye mashine inayosoma herufi zake nne: A, C, G na T. Mashine haikupi jibu, inakupa mafaili. Jenomu ya binadamu, yaani DNA yake yote, ina herufi kama bilioni 3, na kwa sababu mashine hukosea, kila sehemu husomwa tena na tena, kawaida kama mara 30, kwa vipande vifupi vifupi. Mtu mmoja anaweza kukujazia gigabaiti 100. Sasa mradi una watu 200. Sisi ndio tunaoyapokea hayo mafaili, tunayahakiki, tunavipanga vipande juu ya jenomu rejea, yaani ile ya mfano tunayolinganishia, tunatafuta palipo na tofauti, kisha tunamrudishia mtafiti kitu anachoweza kukaa nacho na kufikiri.

Faili ya kwanza kabisa inaitwa FASTQ. Kila kipande kina mistari minne: jina linaloanza na @, herufi zenyewe, alama ya +, halafu mstari wa nne ambao mgeni akiuona atadhani faili imeharibika:

IIIIIII??I?55#

Huo ndio mstari ninaoupenda kuliko yote. Hapo mashine inasema, herufi kwa herufi, ina hakika kiasi gani. I ni alama 40, yaani uwezekano wa kosa moja katika 10,000. Alama ya kuuliza ni 30, kosa moja katika 1,000. Tarakimu 5 inamaanisha 20, kosa moja katika 100. Ukikuta # ujue mashine inabahatisha, na imekwambia yenyewe kwamba inabahatisha.

Fomu ya karatasi haina mstari wa nne. Jina limeandikwa mbiombio, foleni ya akina mama iko mpaka nje, mtoto analia, namba 7 inafanana na 1. Hakuna alama ya kuuliza chini yake. Ikiingia kwenye kompyuta inaingia kama kweli kamili. Mashine ikikosea nitajua. Mtu akikosea mezani au kliniki, mara nyingi sijui mpaka miezi sita imepita na pesa zimekwisha. Ndiyo sababu ya kichwa cha uzi huu.

---

MwanaBarani:

Naendelea, maana bila mfano haya yatabaki maneno tu.

Sahani ya maabara ni kibao cha plastiki chenye vishimo 96: mistari 8 yenye herufi A mpaka H, na safu 12 zenye namba. Kila kishimo sampuli yake. Mwaka mmoja nililetewa matokeo ya sahani moja ya watoto. Kitu cha kwanza ninachofanya kabla ya lolote ni kuangalia kama jinsia iliyo kwenye DNA inalingana na ile iliyoandikwa kwenye fomu. Msichana ana kromosomu X mbili, mvulana ana X na Y. Ni hesabu ya dakika chache. Karibu nusu ya sahani ilikataa. Wasichana wana Y, wavulana hawana.

Aliyekuwa anausimamia mradi alikuwa na haraka, na siwezi kumlaumu, ripoti ilikuwa inadaiwa. Akasema: toa zilizokataa, tuendelee na zilizokubali.

Hapa naomba msome polepole. Ukichanganya majina ya watoto ovyo kabisa, wavulana nusu wasichana nusu, nusu ya sampuli itakubali kwa bahati tu. Kwa hiyo zile zilizokubali hazikuwa salama hata kidogo. Zilikuwa zimekosewa vilevile, ila kosa lao halikuonekana. Kama tungezitoa zilizokataa tungebaki na data inayoonekana safi, na kila mtoto ndani yake ana jenomu ya mtoto mwingine.

Nikaomba siku mbili. Nikachapisha karatasi mbili, kila moja na chati ya vishimo 96. Moja nikapaka rangi kwa jinsia ya fomu, nyingine kwa jinsia ya DNA. Baada ya Maghrib nikazitandaza mkekani. Umeme ulikuwa umekatika na taa ya betri ilikuwa upande mmoja, nikaigeuza karatasi moja ili mwanga usipigwe na kivuli changu. Nikaiona picha ileile. Rangi kwa rangi. Sahani ilikuwa imeingizwa kwenye mashine juu chini: A1 imekaa mahali pa H12, A2 mahali pa H11, hivyo hivyo mpaka mwisho.

Sikutosheka na rangi. Watoto watano kati ya hao walikuwa wamewahi kusomwa kwenye mradi wa awali, nikalinganisha herufi zao za zamani na mpya. Wote watano wakaangukia pale chati iliyogeuzwa ilipowaweka. Sahani nzima ikaokoka.

Kama ningeitwa mapema ningesema jambo dogo tu: acheni kishimo kimoja kitupu, mahali ambapo sahani ikigeuzwa kitahama na kuonekana. Kishimo D3, tuseme. Gharama yake ni sampuli moja.

Na kuna lile baya zaidi, ambalo halina mkeka wala taa ya kuliokoa. Wagonjwa wote wamepangwa sahani ya kwanza, wazima wote sahani ya pili. Sahani mbili husomwa siku mbili, kwa dawa za makopo mawili tofauti, pengine na mikono ya watu wawili. Tofauti utakayoiona ni ya ugonjwa au ya sahani? Hakuna programu duniani itakayokujibu. Wagonjwa na wazima wachanganywe tangu siku ya kwanza. Mambo haya yanaamuliwa kabla mtoto hajadungwa sindano, na ni haki ya huyo mtoto aliyedungwa.

---

Kijana_Mokowe:

Shukran sana kaka. Niko Mokowe huku Lamu, nimemaliza diploma ya IT. Laptop yangu ina RAM ya 8 na intaneti ni ya simu. Hii kazi naweza kuianza au ni ya watu wa Nairobi na ng'ambo?

---

Mhandisi_Nyali:

Hongera kwa uzi, ila kwa heshima naomba nipinge. Nimeandika programu miaka kumi na tano. Programu za kazi hii nyingi ni za bure na ziko wazi, na siku hizi akili unde inakuandikia skripti ndani ya dakika moja. Sioni kwa nini maabara imlipe mtu wa bioinfomatiki wakati mhandisi yeyote mzuri wa data atayashika haya kwa wiki mbili. Data ni data.

---

MwanaBarani:

Kijana wangu wa Mokowe, nakuja kwako, nivumilie kidogo. Acha nimjibu mhandisi kwanza maana swali lake ni zito.

Mkuu, hiyo "data ni data" niliiamini na mimi mwanzoni. Nikupe kisa.

Alikuja mtafiti mgeni, mwenye kipaji, skripti zake zilikuwa safi kuliko zangu. Akahesabu ni watoto wangapi wa pwani kwenye data yetu wenye jeni ya selimundu (sickle cell), wale wanaoibeba na wale wanaougua. Jibu likatoka sifuri. Skripti haikulalamika, jedwali lilikuwa zuri, rangi zimepangwa. Akawa tayari kulipeleka kwenye kikao.

Mimi nilipoiona ile sifuri nilisimama. Nimezaliwa hapa. Nimemzika binamu yangu kwa ugonjwa huo akiwa na miaka tisa. Kila mtu katika uzi huu ana nyumba anayoijua yenye mtoto wa selimundu. Tangu 1954 mwanasayansi Anthony Allison, aliyekulia humu Kenya, alishaonyesha kwa nini jeni hii imejaa kwenye nchi za malaria: anayeibeba kutoka kwa mzazi mmoja tu hupata kinga kubwa dhidi ya malaria kali. Ukitafuta pwani ya Kenya ukapata sifuri, jua umetafuta mahali pasipo.

Na ndivyo ilivyokuwa. Jenomu rejea ina matoleo. Kwenye toleo la GRCh37 herufi ya selimundu iko kromosomu ya 11, nafasi ya 5,248,232. Kwenye GRCh38 herufi ileile iko 5,227,002. Yeye alichukua namba kwenye makala ya zamani, mafaili yetu ni ya toleo jipya. Alikuwa anapiga hodi nyumba iliyo herufi 21,230 mbali na ile anayoitafuta. Pale alipopiga hodi watu wote wanafanana, faili haikuwa na mstari wa nafasi hiyo, na skripti ikaisoma "haimo kwenye faili" kuwa "hakuna aliye nayo".

Tuliporekebisha namba akanijia tena, safari hii amechanganyikiwa: vitabu vyote vinasema selimundu ni A iliyogeuka T, GAG inakuwa GTG, mbona faili inaandika T iliyogeuka A? Kwa sababu DNA ina nyuzi mbili zinazotazamana, jeni hii ya selimundu, inayoitwa HBB, inasomwa kwenye uzi wa upande wa pili, na faili huandika uzi wa kwanza tu. A hutazamana na T. Ni badiliko lilelile, limetazamwa kutoka ng'ambo ya barabara.

Skripti yoyote ya akili unde ingekuandikia hesabu hiyo bila kosa la nukta. Kinachotakiwa ni mtu anayejua kwamba sifuri haiwezekani. Sasa mhandisi mzuri wa data akija, akakaa, akajifunza jeni na akawajua watu ambao damu hii ni yao, atakuwa mtu wa bioinfomatiki, na mimi nitampokea kwa mikono miwili. Ila si kwa wiki mbili.

---

Mhandisi_Nyali:

Nimekuelewa. Hilo la "haimo" kuwa "hakuna" limenigusa, nimeliona hata kwenye mifumo ya benki. Pole kwa binamu.

---

BintWatamu:

Mimi niko upande wa pili, kwenye benchi, natoa DNA. Naunga mkono yote lakini nanyi wa kompyuta msikieni mtu akisema. Nimewahi kusubiri matokeo wiki tatu, nauliza naambiwa "iko kwenye foleni ya seva". Nikiuliza kwa nini sampuli zangu kumi zimetupwa naandikiwa barua pepe yenye maneno ambayo hata kamusi haina. Nikajihisi mjinga kwenye kazi ambayo nimeifanya kwa mikono yangu tangu alfajiri. Mnasema muitwe mapema. Sisi pia tungependa kuitwa mnapotupa sampuli zetu. Kuna siku sampuli zilionekana chafu kwenu na mimi nilijua sababu, friji lilizimika usiku. Hakuna aliyeniuliza.

---

MwanaBarani:

Dada yangu, umesema kweli tupu. Naomba radhi kwa niaba ya wenzangu, na kwa niaba yangu, maana barua kama hizo nimeziandika.

Kwetu tulibadilisha jambo moja. Kila Jumanne asubuhi, saa tatu mpaka saa sita, tunakaa kwenye chumba cha chai na laptop zimefunguliwa, na mtu yeyote anakuja na swali lolote. Hakuna tiketi, hakuna fomu. Wiki za mwanzo hawakuja. Kisha akaja mzee anayesafisha vyombo vya maabara, akauliza zile namba za barafu kwenye kijitabu chake zinatusaidia nini. Kijitabu chake kilikuwa na joto la kila friji, asubuhi na jioni, miaka minne, kwa mkono. Hatukujua kipo! Sasa kila ninapoona kundi la sampuli limeharibika kwa pamoja, kijitabu hicho ndicho cha kwanza kukifungua.

---

MzeeLangoni:

Waalaikum salaam. Mimi ni mtu mzima wa Lamu, Langoni. Nina swali moya, mwanangu. Tulisikia wataalamu walichukua mifupa ya makaburi ya kale Manda na Faza wakaisoma damu yake. Baadhi ya vijana wanatwambia sasa imethibitika sisi ni Waajemi, wengine wanasema imethibitika ni Waafrika tu na hayo ya Shirazi ni uwongo wa wazee. Wewe uliye ndani ya ilimu hii, ndia ya kweli ni ipi?

---

MwanaBarani:

Shikamoo mzee wangu. Asante kwa kuingia, swali hili nalichukulia kwa uzito wake.

Utafiti huo ulitoka katika jarida la Nature mwaka 2023. Miongoni mwa walioushika ni Profesa Chapurukha Kusimba, mwanaakiolojia Mkenya, na David Reich wa Harvard. Walisoma DNA ya watu 80: wa Manda na Faza huko kwenu, Mtwapa, na upande wa Tanzania Kilwa, Songo Mnara na Lindi, pamoja na Makwasinyi, ambako ni bara ya Kenya. Wale wa miji ya pwani walizikwa kati ya mwaka 1250 na 1800 hivi.

Walichokikuta hakimpi ushindi kijana yeyote kati ya hao. Kwa wengi wa waliozikwa kwenye miji hiyo, nusu au zaidi ya nasaba ilitoka Afrika, na hiyo ilipita zaidi kwa wanawake. Sehemu kubwa nyingine, kwa baadhi yao zaidi ya nusu, ilitoka Asia. Ile ya Asia ilikuwa hasa ya Uajemi, pamoja na kiasi cha Bara Hindi, na ilikuja zaidi kwa wanaume. Kuchanganyika kulianza karibu mwaka 1000. Baada ya 1500 hivi, nasaba mpya ya Asia ikawa zaidi ya Uarabuni. Kwa hiyo wazee waliosimulia Shirazi walikuwa na jambo la kweli mkononi, na waliosema miji hii ina mama zake hapahapa Afrika nao walikuwa na jambo la kweli. Mimi nikifikiria lugha tunayoandikiana hapa, ambayo ni ya Kibantu, nawaona wale akina mama.

Namna wanavyojua ni hivi, na hapa ndipo kazi yetu inapoingia. Kuna kipande kidogo cha DNA ambacho mtu hukipata kwa mama tu, na kromosomu Y ambayo mwana wa kiume huipata kwa baba tu. Ukivisoma viwili hivyo kwa mtu mmoja unawaona bibi upande mmoja na babu upande mwingine.

Ila naomba vijana wasibebe zaidi ya kilichomo. Waliosomwa ni waliozikwa mahali pale, wengi kwenye makaburi ya watu wenye hadhi, karibu na misikiti. Si kila Mswahili wa zama hizo, wala si kila Mswahili wa leo.

Na mifupa ya pwani ni migumu kusoma. Joto na unyevu huimaliza DNA, inabaki vipande vidogo sana. Mtu wa bioinfomatiki hujuaje kama anachosoma ni cha marehemu na si jasho la aliyechimba? DNA ya kale huoza kwa mpangilio: kwenye ncha za vipande, herufi C husomeka kama T. Ukichora grafu unaiona imepanda nchani na kushuka katikati. DNA mpya haina mpando huo. Kwa hiyo ule uozo ndio ushahidi. Mara ya kwanza kuiona grafu hiyo, kwenye data ya mafunzo, nilikaa kimya muda mrefu. Ni karne nyingi za kulala kaburini zimejiandika.

---

MzeeLangoni:

Allah akubariki. Nitawasomea barazani kesho.

---

Mpwani_Mwingine:

Swali fupi: DNA yetu ikishasomwa inakwenda wapi? Ng'ambo?

---

MwanaBarani:

Inategemea ridhaa uliyotia sahihi, na una haki ya kuuliza kabla ya kutia. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inaihesabu data ya jeni kuwa data nyeti. Binafsi naongeza hili: kufuta jina hakutoshi huku kwetu. Ukiandika kijiji kidogo cha kisiwa cha Pate, umri wa miaka 84, mwanamke, mapacha, basi umeshamtaja, kila mtu anamjua. Nywila ikivuja unabadilisha, jenomu ikivuja hubadilishi, na umewavujisha ndugu zako pia. Sisi umri tunauweka kwa makundi na kijiji tunakipandisha kuwa wadi kabla faili haijatoka kwa yeyote.

Kijana wa Mokowe, sasa ni zamu yako. RAM ya 8 inatosha kuanza. Usianze na binadamu. Anza na kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum: jenomu yake ina herufi milioni 23 tu kwenye kromosomu 14, na karibu asilimia 80 ya herufi hizo ni A na T, jambo ambalo litakufundisha mengi programu zitakapoanza kukwama. Weka Linux. Jifunze kutumia terminali mpaka vidole vizoee, kisha Python au R, moja kwanza. Kuna tovuti ya Rosalind yenye maswali madogomadogo ya bioinfomatiki, ni ya bure na haili bando. Galaxy inakuwezesha kuendesha kazi kubwa kwenye seva za wengine kupitia kivinjari tu. Ukifika kwa binadamu, Mradi wa Jenomu 1,000 uko wazi kwa wote, na ndani yake wamo Waluhya wa Webuye. Shahada ya uzamili ya bioinfomatiki ipo hapo Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi, huna haja ya kuvuka bahari.

Jambo moja la kuliepuka tangu leo: usifungue orodha ya jeni kwa Excel kisha ukaihifadhi. Kulikuwa na jeni inayoitwa MARCH1, Excel ikiiona inaigeuza kuwa tarehe moja Machi. SEPT2 ikawa tarehe ya Septemba. Makosa haya yalijaa kwenye makala za sayansi kwa miaka mingi mpaka 2020 kamati ya majina ikaamua kuzibadilisha jeni zenyewe, sasa ni MARCHF1 na SEPTIN2.

Na kwa nini tunakuhitaji wewe wa Mokowe hasa? Karibu asilimia 70 ya jenomu rejea ilitoka kwa mtu mmoja aliyejitolea huko Buffalo, Marekani. Mwaka 2020 watafiti wa H3Africa, mradi wa kusoma jeni za Waafrika, walisoma jenomu 426 za Waafrika wa makundi 50, wakapata tofauti zaidi ya milioni 3 ambazo hazikuwa zimeandikwa popote. Bado hatujaandikwa. Njoo inbox nikuelekeze hatua ya kwanza.

---

NesiWaKituo:

Mwanangu, nimeusoma uzi wote usiku wa zamu. Mimi ni muuguzi wa kituo kidogo cha afya, huku kaskazini mwa Malindi. Jumatatu ijayo kuna timu inakuja kuchukua damu za watoto, na fomu nimeambiwa niiandae mimi. Nimeweka safu hizi: Jina, Umri, Jinsia, Kijiji, Tarehe, Namba ya chupa. Iko sawa?

---

MwanaBarani:

Shikamoo bi mkubwa. Hujui umenifurahisha kiasi gani.

Umri uufanye tarehe ya kuzaliwa, na kama mama haikumbuki weka kisanduku cha kutia alama: "makadirio". Hiyo ndiyo alama yako ya kuuliza. Tarehe zote mwezi uandikwe kwa herufi, maana 03/04 mmoja atasoma Aprili na mwingine Machi. Jina likae karatasi tofauti na namba ya chupa, karatasi inayounganisha mbili hizo ifungiwe kabatini kwako. Namba za chupa zisiandikwe kwa mkono, iombe timu ilete stika zilizochapishwa, mbilimbili, moja chupani na moja fomuni. Ongeza safu ya saa damu ilipochukuliwa na saa ilipoingia kwenye barafu. Ongeza aliyechukua, kwa herufi zake mbili tu. Na uache nafasi ya maelezo, pana, mstari mzima, uandike lolote: mtoto alikuwa na homa, chupa ilianguka, umeme ulikatika.

Usiipeleke kwa mchapaji bado. Ipige picha unitumie leo, kesho kutwa ni Alhamisi nitapita kituoni tuijaribu kwa watoto watatu wa kufikirika kabla ya hao wa kweli kufika.

---

NesiWaKituo:

Nimeituma. Njoo kabla ya saa nne, baada ya hapo kliniki ya wajawazito inajaa.